Kujifunza ngoma kwa Gene Krupa ukiwa Kisumu

Vijana wanaonijia Nyalenda kujifunza dramu huja na nyimbo zao kwenye simu: benga, kwaya, gospeli ya Marekani ambayo mpigaji hajamwachia mwimbaji hata nafasi ya kuvuta pumzi. Kazi ya kwanza ninayowapa huwashangaza karibu wote. Nawaambia wakamsikilize Gene Krupa, aliyezaliwa Chicago mwaka 1909 katika familia ya asili ya Kipolandi na kufariki mwaka 1973. "Madam, huyu si alikufa kabla mamangu hajazaliwa?" Ndiyo, alikufa. Na bado kila seti utakayoikalia kati ya Busia na Nakuru imepangwa kwa namna ambayo yeye ndiye aliyeieneza kuliko mtu mwingine yeyote: kiki (ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu) chini, snea (ngoma yenye mlio mkali) katikati ya magoti, tomu ndogo juu ya kiki, tomu kubwa sakafuni upande wa kulia, matoazi yakizunguka.

Naandika kwa ajili ya mtu anayeweza kushika mwendo rahisi wa mapigo manne, mwenye simu na bando kidogo, anayepata seti ya kanisa au ya bendi angalau siku moja katika wiki. Kama hujafika hapo, tafuta mtu akufundishe kushika vijiti kwanza, kisha urudi.

Jambo moja uliweke moyoni tangu sasa, kwa maana ndilo linaloongoza mengine yote. Krupa alisikilizwa Uingereza, Japani na Afrika Magharibi. Wapigaji wa huko waliofika mbali walichagua kwake kitu kimoja au viwili, wakavifanyia kazi mpaka vikawa vyao. Nywele zilizokuwa zikimwangukia usoni na ule uso wa mtu aliyepandwa na mori vilikuwa vyake, mwachie. Unachotakiwa kuchukua ni mguu wake, mwendo wake, na jinsi alivyojenga solo.

Alikuwa nani

Desemba 1927, akiwa na miaka 18, Krupa aliingia studio Chicago na kundi la McKenzie na Condon. Rekodi zile huhesabiwa miongoni mwa za kwanza za jazi ambazo kiki inasikika. Wahandisi wa wakati huo waliiogopa, kwa sababu kishindo chake kingeweza kuirusha sindano iliyokuwa ikichora sahani ya santuri. Desemba 1934 alijiunga na bendi ya mpiga klarineti Benny Goodman. Tarehe 21 Agosti 1935, kwenye ukumbi wa Palomar mjini Los Angeles, bendi hiyo iliwapandisha vijana wazimu, na wengi huihesabu enzi ya swingi, jazi ya bendi kubwa ya kuchezea dansi, kuanzia usiku ule. Machi 1938 aliondoka akaunda bendi yake. Mpaka hapo mpiga ngoma alikuwa mtu wa nyuma. Krupa alimfanya kuwa mtu ambaye watu walilipa kiingilio kuja kumtazama.

Lakini usimchukue kama mwanzo wa kila kitu. Alijifunza kwa watu weusi na hakuficha. Alimsikiliza Baby Dodds wa New Orleans, aliyekuwa akipiga Chicago, na alimheshimu mno Chick Webb, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi wa ukumbi wa Savoy, Harlem. Tarehe 11 Mei 1937 bendi ya Goodman ilishindana na ya Webb pale Savoy, na Krupa alikiri mbele ya watu kwamba ameshindwa. Kwa maoni yangu Webb ndiye aliyekuwa mkubwa. Naanza na Krupa kwa sababu ya vitendo: rekodi zake ni nyingi, zinasikika vizuri, na zipo filamu ambamo mikono yake inaonekana. Webb alifariki Juni 1939, na picha za kumwonyesha akipiga ni haba sana.

Vifaa

Nyumbani huhitaji seti. Tafuta kipande cha plaiwudi cha sentimita 30 kwa 30, ubandike mpira juu yake. Kibuye, hasa Jumapili soko likijaa, waulize mafundi wanaotengeneza akala. Vipande wanavyobakiza vinatosha. Slipa za zamani pia hutumika, ila mpira wake ni laini mno na kijiti hakirudi, na kijiti lazima kirudi. Kidondoshe kutoka kimo cha shubiri moja. Kikidunda chenyewe mara tatu, nne, umepata mpira mzuri.

Vijiti viwe vya namba 5A au 7A, vyepesi kiasi. Vizito utavitaka ukidhani vinatoa nguvu. Kwa kazi hii vitakuchosha tu. Dukani vibingirishe juu ya kaunta, na kinachoyumba ukiache, kimepinda. Kisha kigonge kila kimoja kwa kingine karibu na sikio ili ulinganishe milio. Hela ikikosekana, fundi wa mbao mwenye mashine ya kukereza anaweza kukutolea jozi kwenye mpera uliokauka vizuri. Metronomu, kihesabio cha mapigo, ya bure ipo kwenye simu. Na ununue iafoni, hata za bei ya chini, kwa sababu spika ya simu haitoi kiki. Ukimsikiliza Krupa kwa spika ya simu unasikia nusu ya mtu.

Wiki ya kusikiliza

Hii ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wangu hutaka kuiruka, na ndiyo ninayoishikilia kwa nguvu zote. Wiki nzima usipige kitu. Sikiliza tu, ukiwa kwenye matatu ya Kondele, ukiwa unaosha vyombo, kabla hujalala.

Anza na vikundi vidogo vya Goodman: Goodman mwenyewe kwenye klarineti, Teddy Wilson kwenye piano, Lionel Hampton kwenye vaibrafoni, Krupa kwenye ngoma. Hakuna besi. Hesabu watu, utaona hakuna. Sasa sikiliza ni nani anayeshikilia sakafu ya wimbo: ni mguu wa Krupa pamoja na mkono wa kushoto wa Wilson. Na mara nyingi mikononi ana brashi, vifagio vya waya badala ya vijiti. (Kikundi hicho cha weusi wawili na weupe wawili jukwaani pamoja, katika Marekani ya mwaka 1936, kilikuwa jambo zito. Ukipata nafasi soma habari zake.)

Kisha nenda kwa "Sing, Sing, Sing", rekodi ya studio ya tarehe 6 Julai 1937. Wakati ule upande mmoja wa sahani ya kawaida ulibeba dakika kama tatu. Huu ulijaza pande zote mbili za sahani kubwa, zaidi ya dakika nane, na kinachoufunga pamoja mwanzo mpaka mwisho ni tomu ya sakafuni. Usikilize mara tatu, kila mara kwa sikio tofauti. Mara ya kwanza fuata mguu peke yake. Mara ya pili fuata mahali anapotia mkazo kwenye tomu. Mara ya tatu fuata sauti inavyopanda na kushuka, na ujiulize kila inaposhuka: nani anapewa nafasi hapa?

Mwisho tafuta onyesho la Carnegie Hall, New York, la tarehe 16 Januari 1938, wimbo ule ule. Karibu na mwisho, mpiga piano Jess Stacy anaanza solo ya upole ambayo hakuna aliyeitarajia. Ukumbi unatulia. Msikilize Krupa wakati huo. Mtu ambaye dakika chache nyuma alikuwa akitikisa jengo sasa anapiga kwa namna ambayo hata kidole cha Stacy hakifunikwi. Kwangu mimi dakika zile zina mafunzo mengi kuliko solo zake zote. Mwanafunzi asiyezisikia dakika zile simruhusu kushika vijiti.

Mguu wa chini chini

Sasa kaa kwenye seti, au kwenye kiti tu, mguu sakafuni. Weka kisigino chini. Piga kiki kwenye kila pigo, moja mbili tatu nne, kwa ncha ya mguu, kwa sauti ya chini kiasi kwamba aliyekaa benchi la tatu haisikii kama kiki bali anahisi wimbo una uzito. Metronomu iwe mapigo 80 kwa dakika. Ukiwa kwenye seti, nyundo ya pedali isitoke zaidi ya nusu shubiri kwenye ngozi.

Zoezi hili ni gumu kuliko linavyosomeka. Kupiga kwa nguvu mapigo manne anaweza yeyote. Benga nyingi unazozisikia Kondele usiku zina kiki inayotembea hivyo hivyo. Kupiga kwa sauti ya chini bila mwendo kulegea ndiko kunakotaka siku nyingi.

Mwalimu wa hili tunaye nyumbani. Tafuta mpiga nyatiti, utazame mguu wake na usitazame vidole. Amekaa chini kwenye kigoda, mikono iko kwenye nyuzi nane, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye ukingo wa chombo. Juu ya hayo anaimba, anamsifu mtu, anatania, anataja ukoo. Mguu hauyumbi. Tofauti ni kwamba chuma chake kinataka kusikika, na kiki yako inataka kufichama; lakini ule uhuru wa mguu kuendelea na kazi yake huku mdomo na mikono ikifanya mengine ndio Krupa alionao kwenye vikundi vile vya Goodman.

Zoezi lenyewe: mguu ukitembea, mweleze mtu aliye karibu ulivyoshinda leo. Sentensi ndefu, sentensi fupi, ucheke katikati. Mguu ukianza kufuata maneno yako, simama, anza tena. Ukiweza kuzungumza dakika tatu bila mguu kuhama, ongeza haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali) ya mguu wa kushoto kwenye pigo la pili na la nne, kisha uzungumze tena.

Ki-su-mu

Nimelelewa Khayega, na mjomba wangu alikuwa mtu wa sukuti. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe juu yake, na watu hawasimami wima zikianza. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka sukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mtoto aliyeicheza kwenye harusi na mazishi ya kwao tayari ana mwilini kitu ambacho mwanafunzi wa ng'ambo hukinunua kwa ada: kila pigo moja lina vitatu ndani yake. Swingi imekaa hapo hapo. Ndiyo maana sipendi kumsikia kijana wa Kakamega akisema jazi ni ya wazungu.

Tamka jina la mji, silabi tatu kwa kila pigo: Ki-su-mu, Ki-su-mu, Ki-su-mu, Ki-su-mu. Ulimi utataka kukaza "su", kwa kuwa ndivyo tunavyolitamka kila siku. Ukatalie. Mkazo uwe kwenye "Ki", na silabi zote tatu ziwe na urefu sawa. Fanya hivyo huku mguu ukipiga kila "Ki".

Mkono wa kulia sasa upige kwenye toazi, au kwenye ubao wako:

Ki, Ki-mu, Ki, Ki-mu.

Yaani pigo la kwanza ni "Ki" tu. La pili ni "Ki" na "mu". La tatu "Ki" tu. La nne "Ki" na "mu". Ile "su" huipigi kamwe, lakini lazima uiimbe kichwani kila mara, kwa maana nafasi yake ndiyo inayofanya wimbo ubembee. Ukiisahau, mambo mawili yanakupata. "Mu" inakuja mapema na mwendo unanyooka kama wa maandamano, au inachelewa mno na kugongana na "Ki" inayofuata, ukasikika unakimbizwa. Jirekodi kwa simu, kisha usikilize huku ukitamka Ki-su-mu kwa sauti. "Mu" yako iangukie pale pale pa mdomo wako.

Anza na 80, ukae hapo mpaka usifikirie. Panda kumi kumi. "Sing, Sing, Sing" inaenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Hakuna anayekudai ufike huko mwaka huu. Ukifika 140 bila bega kukaza unaweza kupiga nyimbo nyingi za swingi bila aibu. Krupa mwenyewe mara nyingi aliutunza mwendo kwenye haihati au kwenye snea, toazi kubwa baadaye, kwa hiyo hamisha zoezi hili kila mahali kwenye seti.

Mikono

Krupa tayari alikuwa na jina alipokwenda kwa Sanford Moeller, mwalimu wa New York, kujifunza upya namna ya kuushusha mkono. Moeller alikuwa amezichunguza mbinu za wapigaji wa zamani wa jeshi la Marekani. Kwa kifupi: kifundo cha mkono kinainuka kwanza, ncha ya kijiti ikibaki nyuma ikining'inia, kisha kifundo kinashuka na ncha inafuata kwa kasi. Ni kama mtu anayekung'uta maji mikononi baada ya kunawa. Nguvu inatoka kwenye mkono mzima kuanzia bega, na vidole havibani kitu.

Kwenye ubao wako piga kulia, kushoto, kulia, kushoto, vinne vinne, sauti ya chini kabisa, halafu moja tu kati ya vinne iwe kubwa, kwa mkung'uto ule. Kwa dakika mbili, pigo la kwanza liwe kubwa. Dakika mbili nyingine, la pili. Kisha la tatu, la nne. Ukihisi maumivu kwenye kiwiko au kifundo, acha siku hiyo.

Na ujifunze udogo. Kuna filamu ya mwaka 1941 ambamo Krupa, baada ya kupiga na bendi nzima, anaweka vijiti chini na kupiga wimbo ule ule kwa njiti mbili za kiberiti juu ya kisanduku chake. Ifanyie zoezi: geuza njiti, kichwa cha baruti kiwe vidoleni, upige Ki, Ki-mu juu ya kisanduku kilichojaa. Aliye chumba cha pili, nyuma ya mabati, asisikie. Wanafunzi wangu wanaoishi kwenye ploti zenye majirani wengi wamekuwa na mikono mizuri kwa njia hii hii.

Brashi zikikosekana, funga shada la njiti za ufagio kwa mpira mwisho mmoja, utumie gazeti badala ya snea. Mkono wa kushoto uchore duara bila kukoma, wa kulia upige mwendo.

Solo

Hapa nitasema machache, kwa kuwa wengi huanzia hapa na kukwama hapa. Krupa hakuacha watu wasimame. Solo zake zilikuwa za kuchezea dansi: mguu uliendelea, mwendo haukubadilika, na msikilizaji angeweza kuimba kiitikio juu yake. Chagua wimbo unaoujua wa tenzi. Uimbe kimoyomoyo. Piga vipimo vinane (kila kimoja mapigo manne) vya Ki-mu, Ki-mu kwenye tomu ya sakafuni, mikono ikipokezana, ukitia mkazo mahali ambapo maneno yana mkazo. Kisha bendi irudi. Aliyekuwa akipiga makofi asikose hata kofi moja. Ukiweza vinane, panda kumi na sita. Tomu zako uzikaze vizuri juu na chini, maana Krupa aliwasukuma watengenezaji wa Slingerland mpaka wakatoa tomu zinazokazwa pande zote mbili. Kabla yake ngozi ya chini mara nyingi ilipigiliwa misumari na haikurekebishika. Seti nyingi za kanisani ninazozikuta zina ngozi ya chini iliyolegea kabisa, na mpigaji analaumiwa kwa sauti mbaya isiyo yake.

Walichukua nini, wakakipeleka wapi

John Bonham, mpiga ngoma wa Led Zeppelin, alizaliwa Redditch, Uingereza, mwaka 1948. Alianza kugonga vyombo vya nyumbani akiwa na miaka mitano, akiwaiga wapiga ngoma wa jazi wa Marekani: Krupa, Buddy Rich na Max Roach. Bill Ward wa Birmingham, mpiga ngoma wa Black Sabbath, naye alikulia kwenye bendi kubwa za miaka ya 1940. Wote wawili wakaishia kwenye roki nzito kabisa, na bado ukiwasikiliza vizuri ile "su" isiyopigwa imo ndani. Bonham alitumia kiki ya inchi 26, ukubwa wa bendi za zamani, wakati wenzake walikuwa wakienda na ndogo. Alichukua ukubwa wa sauti na ule ubembeaji. Jazi yenyewe aliiacha ilipo.

Japani, Krupa alikwenda mwenyewe. Ilikuwa mwaka 1952, mwaka ambao ukaliaji wa majeshi ya Marekani uliisha, naye alikuwa na kikundi chake cha watu watatu: yeye mwenyewe, Charlie Ventura kwenye saksafoni na Teddy Napoleon kwenye piano. Walirekodi Tokyo. Mwaka uliofuata kikundi cha Big Four, George Kawaguchi akiwa kwenye ngoma, kilikuwa kipenzi cha vijana wa huko. Wao walichukua ile hali ya mpiga ngoma kuwa nyota wa jukwaa.

Lakini anayenigusa mimi ni Mghana. Alizaliwa Accra mwaka 1923, akijulikana kwanza kama Guy Warren. Alipiga jazi ya Kimarekani ujanani, akapiga na bendi ya highlife ya The Tempos pamoja na E. T. Mensah, akaenda London, na mwaka 1955 akafika Chicago, mji wa Krupa. Mwaka 1956 alitoa albamu "Africa Speaks, America Answers". Huko Chicago ndiko alikofanya uamuzi ambao nataka kila mwanafunzi wangu aujue. Alisema hangeweza kamwe kupiga kama Gene Krupa au Max Roach, kwa kuwa wale walitoka utamaduni mwingine. Na wao nao hawangeweza kamwe kupiga kama yeye. Kwa hiyo akaanza kupiga muziki wa Kiafrika na kutia jazi kidogo ndani. Alirudi Ghana, akaitwa Ghanaba, na mwisho akajijengea seti ya ngoma kubwa za fontomfrom alizozilaza na kuzifungia pedali za miguu. Alikuwa ameketi alivyoketi Krupa, miguu ikifanya kazi ya Krupa, na ngoma zote ni za kwao. Mcheza kwao hutunzwa.

Angalia pia Tony Allen wa Lagos. Alijifunza kwa sahani za jazi ya Marekani, Max Roach na Art Blakey zaidi, na kutoka hapo akampigia Fela Kuti mwendo ambao haukuwahi kusikika mahali pengine. Wapigaji wa leo wa Ulaya wanautafuta mwendo huo usiku na mchana.

Kwa hiyo ukiwa mtu wa sukuti, fanya hivi. Mfano wa ngoma ndogo ya sukuti uweke kwenye ukingo wa snea kwa mkono wa kushoto. Wa ngoma ya kati uweke kwenye tomu. Kubwa iwe tomu ya sakafuni. Mguu ubaki wa Krupa: chini chini, mapigo manne. Ukiwa mtu wa ohangla au nyatiti, hesabu ileile, mifano ya kwenu. Usiharakishe kuandika wimbo. Piga hivyo mbele ya mzee anayeijua ngoma yenyewe, umtazame mabega. Yakitikisika, endelea. Yasipotikisika, muulize ni wapi umekosea, na umsikilize, mara nyingi atakuimbia kwa mdomo. Mrekodi ukipata ruhusa.

Kanisani na kwenye bendi

Mpiga besi ndiye mtu wa kwanza kuzungumza naye. Magharibi mwa Kenya besi ya gitaa ni mfalme, benga imetufundisha hivyo, na haki yake tumpe. Kabla ya mazoezi mwambie: "Ndugu, leo kiki yangu itatembea mapigo manne lakini chini yako. Ukinisikia nakufunika, nipe ishara." Mkubaliane ishara. Wapiga besi wengi hufurahi sana, hawajawahi kuulizwa.

Tumia wimbo mmoja tu Jumapili ya kwanza, na uwe wa mwendo wa kati. Mchungaji akianza kuzungumza juu ya muziki, fanya alivyofanya Krupa chini ya piano ya Stacy: kiki pekee, au brashi, au nyamaza. Kwenye sifa za kasi usilazimishe swingi. Nyimbo nyingi za sifa hapa zimenyooka na zinapendeza zikinyooka. Kiki ya chini chini, hata hivyo, inafaa kila mahali.

Mpe rafiki simu yako akae nayo benchi la nyuma kabisa, arekodi ibada nzima. Jioni sikiliza kwa iafoni. Kama kiki inasikika kuliko besi, sogeza nyundo karibu na ngozi na upunguze mguu. Kama maneno ya mwimbaji yanapotea, kosa karibu kila mara liko kwenye haihati iliyoachwa wazi, ifunge. Kama mwendo ulipanda kati ya ubeti wa kwanza na wa mwisho, pima kwa metronomu umepanda kiasi gani, uandike, na wiki hiyo urudi kwenye zoezi la kuzungumza huku mguu unatembea. Vingine vyote vinaweza kungoja.